Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya Mtwara na Lindi: Muziki unaosomwa pamoja na somo la pili uhesabiwe saa zake

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, wajumbe wa seneti na mabaraza ya taaluma, wakuu wa idara za elimu, na maofisa elimu wa mikoa yetu miwili,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaandika kuhusu mwanafunzi anayechukua muziki pamoja na somo jingine katika shahada moja: Kiswahili na muziki, historia na muziki, fizikia na muziki. Mpango huo unawezekana kusini, na tunautaka. Ila ukianzishwa kwa mtindo uliozoeleka, yaani jina la kozi, mhadhiri mmoja, ukumbi wa mihadhara na vipindi viwili kwa wiki, hautafika mbali, na mwisho wake wanafunzi ndio watakaoambiwa kwamba hawana kipaji.

Kijana wa Newala, Masasi au Kilwa anayetaka kuusoma muziki kwa kina leo hufunga safari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kiko Arusha, na chuo cha muziki cha nchi za majahazi kiko Mji Mkongwe, Unguja. Wakati huohuo mtaala ulioanza kutumika 2024 umeweka Sanaa na Michezo katika shule za msingi na kufungua mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari. Walimu wa masomo hayo watatoka wapi, kama vyuo vilivyo jirani na shule zetu havitawaandaa? Chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris kinaandaa walimu hapahapa Mtwara. Vyuo vya ualimu vipo. Wanakwaya wanaosoma nota wapo kuanzia Ndanda hadi Masasi. Kinachohitajika ni hesabu nzuri, na hesabu yenyewe ndiyo hii.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 10 kwa hiyo ni saa 100. Zigawe kwa muhula wa wiki 15, unapata kama saa 6 na dakika 40 kwa wiki. Katika kozi ya historia, saa mbili huenda kwenye mhadhara, na zilizobaki mwanafunzi anazimalizia maktaba, bwenini au chini ya mwembe. Kitabu kinamfuata popote. Kinanda hakimfuati. Ratiba inapoandika “Muziki wa vitendo, saa 2” na kuishia hapo, saa nne na zaidi za kozi hiyo zimeachwa hewani, kwa sababu hazina chumba, hazina chombo na hazina mtu mwenye ufunguo wa mlango.

Tuchukue wanafunzi 40, kila mmoja na saa 5 za mazoezi kwa wiki. Hizo ni saa 200. Chumba kimoja kikifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku, siku sita, kinatoa saa 96. Vyumba viwili vinatoa 192, havitoshi. Vitatu vinatoa 288, na ziada hiyo si anasa, maana hakuna atakayefika kila siku saa kumi na mbili alfajiri, wala haiwezekani mazoezi yote yafanyike wakati wenzake wako kwenye mihadhara ya somo la pili. Njia ya kupunguza gharama ipo: vinanda sita vya umeme katika chumba kimoja, kila kimoja na hedifoni yake, watu sita wafanye mazoezi bila kusumbuana. Hilo linatatua kinanda tu. Sauti, filimbi na ngoma bado zinahitaji mlango unaofungwa.

Na mazoezi hayo lazima yatawanywe. Nusu saa kila siku kwa siku sita inazaa kuliko saa tatu za mfululizo Jumamosi, kwa sababu vidole na koo hujifunza kwa kurudia na kupumzika, na sehemu kubwa ya kile kilichofanyiwa mazoezi mchana hukaa sawa wakati wa usingizi. Mwimbaji akipitisha dakika 45 bila kupumzisha sauti, anachofanya baada ya hapo ni kuichosha. Kwa hiyo mwenye somo la pili hawezi kuambiwa “utafidia wikiendi”. Muziki haufidiwi. Wiki mbili zilizopotea kwa ajili ya majaribio ya somo jingine huonekana kwenye mikono yake mwezi mzima.

Upande wa mwalimu nako kuna hesabu. Wanafunzi 40 wakifundishwa mmoja mmoja kwa nusu saa, ni saa 20 kwa wiki kabla ya nadharia, kwaya na kusahihisha. Mhadhiri mmoja hazibebi. Ushauri wetu ni huu: mwaka wa kwanza wafundishwe wanne wanne kwa saa moja, yaani saa 10 kwa wote 40. Mwaka wa pili na wa tatu wakae wawili wawili kwa dakika 45, na hapo inakuwa saa 15 kwa idadi ileile. Kundi la wanne lina faida yake, kwani anayesubiri zamu anasikia makosa ya mwenzake na kujifunza kuyataja kwa jina. Likifika watu wanane, wawili wanapiga na sita wanachezea simu.

Kuhusu sifa za kujiunga, msidai cheti cha muziki cha kidato cha nne. Muziki ni somo la Baraza la Mitihani, lakini shule zinazolifundisha ni chache, na mkilifanya sharti mtawafungia nje wale wale waliokulia kwenye ngoma na kwaya. Pimeni masikio. Dakika 15 kwa kila mwombaji zinatosha: arudie kwa sauti vipande vinne vya wimbo alivyosikia mara moja, apige makofi mdundo wa mapigo 8, kisha aimbe sauti yake huku mtahini akiimba sauti nyingine. Hilo la mwisho ndilo linalosema mengi. Anayevutwa na sauti ya mtahini akaiacha yake anafundishika, ila atahitaji muhula mzima wa kuimba kwa sauti mbili kabla ya kuingizwa kwenye sauti nne.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hukwama, nasi tungependa mahali hapa pasipitwe haraka. Wanafunzi wengi wa kusini watakuja wakiwa wanasoma solfa, do re mi, kwa wepesi wa kushangaza. Ni hazina. Shida huanza wanapopelekwa kwenye mistari mitano, wakaambiwa “hii ni C, hii ni D”, nao wakaamini kwamba do ndiyo C milele. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa C wanasoma vizuri. Ukija wenye flati mbili, yaani alama mbili za kushusha sauti, wanazama. Aliyefundisha anadhani hawajui kusoma, kumbe wamebebeshwa do isiyohama, wakati do ya solfa yao inahama siku zote.

Dawa yake ni hatua tatu, zifuatwe kila siku kwa wiki sita za kwanza. Kwanza mwanafunzi atazame alama zilizo mwanzoni mwa mstari. Zikiwa shapu, alama za kupandisha sauti, shapu ya mwisho kulia ni ti, basi do iko hatua moja juu yake. Zikiwa flati, flati ya mwisho kulia ni fa, ashuke fa, mi, re, do. Pili, aiwekee do kidole pale ilipo kwenye mistari, aimbe do mi so mi do huku kidole kikipanda na kushuka. Tatu, ndipo asome wimbo. Mwenye flati mbili, B na E, ataona flati ya mwisho ni E, hiyo ndiyo fa, atashuka E flati, D, C, B flati: do ameipata. Majina ya herufi yafundishwe sambamba kwa ajili ya kinanda, lakini sikio liendelee kuimba solfa. Anayelazimishwa kuiacha solfa ili “asome muziki wa kweli” anapoteza miaka kumi ya mafunzo aliyopewa bure na mwalimu wa kwaya wa kigango chake.

Kwa ngoma kosa ni jingine. Ngoma zetu nyingi hupiga tatu juu ya mbili kwa wakati mmoja, na mwanafunzi aliyezoea nyimbo za kitabuni huziandika kwenye 3/4, yaani mapigo matatu matatu, kwa kuwa anasikia tatu. Akimaliza, maandishi yake yakipigwa hayachezeki. Tungependa mtaala useme wazi: kwanza andika miguu ya wachezaji, siyo ngoma. Mguu unapokanyaga ndipo pigo lilipo. Ukishapata mapigo manne ya miguu, kila moja lina tatu ndogo ndani yake, nawe uko kwenye 12/8. Juu ya hapo panga kinganga, ile ngoma ndogo, kisha ngoma kubwa, kisha mwimbaji anayeongoza na kiitikio. Asiyeweza kuucheza huo mchezo hataweza kuuandika, kwa hiyo saa za kucheza zihesabiwe ndani ya kozi.

Kozi ya uwandani nayo msiipange Februari. Mvua zinanyesha, watu wako mashambani. Ngoma na sherehe za jando na unyago hukolea baada ya mavuno, kiangazi, wakati ambao vyuo viko likizo ndefu. Bahati iliyoje kwa ratiba! Kozi ya uwandani ya wiki nne kati ya Julai na Septemba haigongani na mhadhara wowote wa somo la pili. Mwanafunzi aende na barua ya chuo, aanze kwa mwenyekiti wa kijiji kisha kwa wazee wenye ngoma, aeleze anachotaka kurekodi na rekodi itakaa wapi. Mambo ya ndani ya jando na unyago, na ya mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yana mipaka yake. Kwa aliyeambiwa “hapa huingii”, jibu hilo liandikwe kwenye ripoti na lipewe alama kama data nyingine yoyote, asije akashawishika kuchungulia. Tamasha la MaKuYa, lililoyaunganisha majina ya Wamakonde, Wamakuwa na Wayao, limeonyesha hapa Mtwara kwamba wenye ngoma huja na hufundisha pale wanapoheshimiwa.

Somo la pili lisiwe mzigo pembeni. Katika Kiswahili, mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno machache yanayokiuka yanatufundisha mengi: ukihesabu kutoka mwanzo, barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia, yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni “sawasawa”. Chukua sasa tuni ya Ulaya iliyowekewa maneno ya Kiswahili. Pigo la nguvu linapoangukia silabi ya mwisho ya “asante”, mwimbaji analipinda neno na msikilizaji analisikia kama la mgeni. Mwanafunzi wa Kiswahili na muziki ndiye mtu wa kulirekebisha hilo. Apewe zoezi: nyimbo tatu, aweke alama ya mkazo juu ya kila neno, alama ya pigo la nguvu juu ya kila nota, ahesabu zinapopishana, kisha aandike upya. Ni zoezi la isimu na la utunzi kwa mpigo mmoja, na idara mbili zinaweza kulisahihisha pamoja.

Fizikia nayo inapata maabara ya bei nafuu. Gitaa lenye uzi wa sentimita 65, ukiugusa katikati, sentimita 32.5, sauti inapanda oktavu moja. Ikiwa ilikuwa mitetemo 220 kwa sekunde sasa ni 440. Nyuzi mbili zikilia pamoja, moja 440 na nyingine 443, sikio linasikia sauti ikivimba na kunywea mara tatu kila sekunde. Ukikaza taratibu, mavimbe yanapungua hadi yanaisha. Hivyo ndivyo gitaa linavyotyuniwa, na sheria ya fizikia imesikika kabla ya kuandikwa ubaoni. Kwa historia kuna beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na kusambaa pwani na bara mwanzoni mwa karne ya 20. Muhula mzima unaweza kujengwa juu yake.

Kabla hamjanunua vyombo, fikirini hewa ya hapa. Piano ya mbao ni mtihani mgumu pwani. Unyevu unavimbisha ubao wa sauti na felti, funguo zinakwama, nyuzi zinashika kutu, na fundi wa kuityuni yuko mbali. Kwa kuanzia nunueni vinanda vya umeme: viwili vya funguo 88 zenye uzito kwa watakaobobea, na vinne vya funguo 61, vinavyotosha kabisa kwa kwaya na nadharia. Vingi vya funguo 61 hupokea betri za kawaida, jambo la maana umeme unapokatika katikati ya mtihani. Adapta ndiyo huharibu zaidi. Ikipotea, mtu huleta yoyote inayoingia tundu, na kama voti si zile au ncha chanya na hasi zimegeuka, kinanda kinaungua. Bandikeni voti, ampea na mchoro wa ncha kwenye mgongo wa kila kinanda kwa gundi isiyobanduka.

Magitaa ya nyuzi za chuma yakikaa karibu na bahari yanakula nyuzi, ya nailoni hudumu zaidi, ingawa nyuzi zake tatu za besi zimezungushiwa waya na nazo hufubaa. Kitambaa kikavu kipite juu ya nyuzi kila baada ya zoezi. Vyombo vya shaba vifungwe ndani ya mikoba yake msimu wa kupuliza mikorosho, kwa sababu unga wa salfa ukiishika shaba unaifanya nyeusi. Ngoma zisikae juu ya sakafu ya saruji, inayopandisha unyevu kwenye mti na kuita mchwa. Ziwekwe kwenye vichanja. Ngozi ikilegea masika, huoteshwa moto wa nyasi au majani makavu kwa mbali, ikizungushwa, huku mpigaji akiigonga na kusikiliza sauti ikipanda. Ikisogezwa karibu mno inakauka upande mmoja na kupasuka penye kigingi. Chuo kinachokataza moto popote kiwanjani kitenge mahali pa kufanyia kazi hiyo, la sivyo ngoma zitapigwa zikiwa zimelegea mwaka mzima na wanafunzi hawatajua sauti yake halisi.

Trei za mayai ukutani hazizuii sauti kutoka. Zinapunguza kidogo mwangwi wa ndani, basi. Sauti inazuiwa na uzito na kuziba matundu: ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote mbili, mlango mzito wenye mpira pembeni na chini, na dari isiyoungana na darasa la pili. Pesa za trei zinunue mlango.

Mitihani. Mgawanyo uliozoeleka wa alama 40 za muhula na 60 za mtihani wa mwisho ugeuzwe kwa kozi za vitendo, kwa kuwa anayefanya mazoezi kila wiki huonekana kila wiki. Mtihani wa vitendo uchukue dakika 15 kwa mtu. Watu 40 ni saa 10, yaani siku mbili za watahini wawili, na siku hizo ziwe wiki moja kabla ya mitihani ya maandishi. Kila onyesho lirekodiwe, ili mtahini wa nje asikie alichosikia wa ndani.

Mazoezi ya kufundisha ni mahali pengine pabaya. Mwanafunzi hupelekwa shule isiyo na kipindi cha muziki, akafundisha historia tu wiki zote, akarudi na alama ya muziki iliyotolewa kwa kukisia. Wapangwe wawili wawili kwenye shule zenye kwaya au kikundi cha ngoma, na mkaguzi aje saa ya kikundi hicho hata kama ni saa kumi jioni.

Tunajua walimu wenye shahada za uzamili za muziki ni wachache. Nadharia inahitaji mtu wa namna hiyo, mmoja kwa kuanzia. Ufundi wa ngoma, zeze na malimba hauhitaji shahada, unahitaji fundi. Aajiriwe kwa saa kama mkufunzi wa vitendo, alipwe kwa wakati na kwa kiwango kilichoandikwa, na jina lake liwemo kwenye mwongozo wa kozi. Mzee anayeitwa mara moja kwa mwaka kuja kutumbuiza kwenye mahafali hajafundisha mtu.

Tunaomba mlete jambo hili kwenye vikao vyenu kabla ya kupeleka programu za mwaka ujao Tume ya Vyuo Vikuu, na mkiwa na chumba mnachokifikiria, mkipime kwanza. Mtu mmoja apige kinganga ndani, mlango ukiwa umefungwa. Mwingine asimame darasa la jirani, mita tano kutoka ukutani, asome ukurasa mmoja kwa sauti ya kawaida ya kufundishia. Aliyekaa nyuma ya darasa akishindwa kuandika anachosomewa, tafuteni chumba kingine, au anzeni na mlango.

Wenu katika kazi,
Walimu wa muziki na walimu wa kwaya, Mtwara na Lindi